Pini ya Arobaini

Siku mke wa Mwalimu wa Hesabu alipoleta mfuko wa mashati dukani kwa mama mdogo, mimi nilikuwa nyuma ya pazia nakunywa chai. Nikachungulia. Nilipoliona shati la bluu la mistari likitolewa kwenye mfuko, chai ikanipalia.

Nililijua lile shati! Ndilo alilovaa Mwalimu siku aliyoninyanyua darasani niseme jibu. Jibu nilikuwa nalo. Nikalisema, lakini likatokea puani. Mwalimu akaweka kiganja sikioni: "Sauti!" Nikasema tena. "Sauti!" Darasa zima kicheko, nikakaa chini na jibu langu, na tangu siku hiyo wananiita Bi Kimya.

"Kata yote," mke wake alikuwa anamwambia mama mdogo. Tumbo lilikuwa limemtangulia hatua nzima. "Nataka blanketi la viraka, la mtoto. Baba yake ana mashati kumi na moja, anavaa mawili."

"Mwenyewe amekubali?" mama mdogo akauliza.

"Ataambiwa."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mama mdogo ni fundi cherehani, duka lake ni sebule yetu. Wiki ile alikuwa amezama kwenye sare za shule, sketi zimerundikana mpaka kiti cha wageni hakionekani. Mteja alipoondoka akafungua pazia, akanikuta nimejibanza.

"Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi hilo ni lako. Mimi sina mikono ya kutosha, wewe una vidole vya subira. Lakini sikia, ukiniharibia jina nitakushona mdomo huo, ingawa sijui kama kuna atakayegundua."

Ndivyo anavyotania. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshalivuta lile shati la bluu. Blanketi zima! La kwangu! Siku zote nilikuwa natoa nyuzi na kushona vifungo tu.

Nikakata kipimo cha mraba kwenye boksi la biskuti. Nikapanga iwe vipande thelathini, vitano kwa upana, sita kwa urefu. Jamani, mkasi ulipoingia mgongoni mwa lile shati la bluu, krrr, nilipata raha ambayo sijui niiite nini. Kipande kimoja nilikikata pamoja na mfuko wa kifuani. Mfuko wenyewe ulikuwa na doa la wino mwekundu, labda ule ule ulioniandikia alama nne kati ya ishirini. Nikauacha makusudi, nikaupanga katikati ya blanketi. Mtoto akikua ataficha humo peremende.

Sasa nieleze habari ya pini, maana ndiyo yenyewe. Blanketi la viraka lina matabaka matatu: juu viraka, katikati blanketi kuukuu la kuleta joto, chini flaneli laini. Yote matatu unayashikiza kwa pini yasihame, halafu unapita na cherehani juu ya mishono, unachomoa pini moja moja kadiri unavyokwenda. Kwa mama mdogo pini zinakaa kwenye kopo la peremende, ziko arobaini, zina vichwa vya rangi. Na kuna sheria moja tu: zinatoka arobaini, zinarudi arobaini. Nguo ya mtoto haivuki mlango kabla pini hazijarudi koponi.

Lakini pini moja ilikuwa imeng'oka kichwa. Mama mdogo aliniambia zamani, "Hiyo tupa." Sikuitupa. Ilikuwa nyembamba kuliko zote, inapenya matabaka matatu kama inaingia kwenye siagi. Nikaipa jina, Kipara, nikamhesabu na wenzake.

Nilishona siku tisa, kila nikitoka shule. Sikuwa hata nasikia njaa. Mama mdogo akipita ananyanyua pembe moja, anageuza, ananung'unika "Mmh," na "mmh" ya mama mdogo ni kama wengine kupigiwa makofi.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Na Jumamosi, nikiwa ndiyo kwanza nimekata uzi wa mwisho, bado hata sijapiga pasi, akaingia mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara.

"Hodi! Mimi ni dada yake Mwalimu! Blanketi liko wapi? Wageni wamejaa, wanataka kumwona mtoto na blanketi lake!"

Mimi huyo, nyuma ya pazia. Mama mdogo akalikung'uta blanketi, akalipapasa kwa viganja juu na chini, akalitandaza.

"Wewe!" yule dada akapiga ukelele. "Hili si lile shati lake la harusi ya binamu? Na hili la kijani! Fundi, mikono yako ibarikiwe!"

Nilikuwa nimeuma pazia kwa furaha. Akalikunja, akalikumbatia, akaondoka nalo, na kopo la pini hakuna aliyelikumbuka. Nikatoka nikiwa kama nimelewa, nikaanza kurudisha pini koponi huku naimba kimoyomoyo. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

Nikamwaga kopo, nikahesabu upya. Thelathini na tisa. Nikazipanga kumi kumi mezani. Safu ya nne ina tisa.

Kipara hayupo.

 Pini nyingine ikisahaulika utaona kichwa chake, chekundu au cha njano, kinakutazama. Kipara hana kichwa. Kipara anazama mzima mzima.

"Mama mdogo," nikasema.

"Nini?"

"Haijatimia."

Hakuuliza nini. Aliacha sketi ikining'inia kwenye sindano, akachukua sumaku yake. Ni sumaku ya spika ya redio mbovu, ameifunga kamba, kila jioni anaiburuta sakafuni kuzoa pini. Tukaburuta chini ya meza, chini ya cherehani, kwenye majora, kwenye pindo la sketi yangu. Tukapata sindano mbili na kibanio cha nywele.

"Ipi hiyo?" akauliza.

Nikainama tena chini ya meza.

"Nimekuuliza ipi!"

"Ile isiyo na kichwa."

Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Akapiga simu kwa mke wa Mwalimu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Pale mlangoni ameshaingia mama na watoto watatu wa kupima sare, mmoja ameshavua shati.

"Kimbia," akaniambia kwa sauti ya chini. "Usiseme pini. Wakisikia pini, jina langu limekwisha. Sema tumesahau kushona lebo. Lichukue, ulilete hapa, tutalipekua wenyewe. Haya!"

Nikaitia sumaku mfukoni nikatoka mbio. Nilipita saluni, nikapita duka la vifaa vya ujenzi, nikaruka rundo la kokoto, kandambili moja ikabaki huko sijui wapi, sikurudi kuiokota. Kichwani nilikuwa narudia: lebo, tumesahau lebo, naomba blanketi. Lebo, tumesahau lebo. Na chini ya hayo nilikuwa namwona mtoto, mgongo wake laini kama mkate, na Kipara anamsubiri.

Viatu vilijaa mlangoni kwa Mwalimu. Nikaingia. Wageni walikuwa wamebanana kwenye makochi, blanketi linapita kutoka mapaja hadi mapaja, kila mtu analisugua, na kila aliyelisugua mimi roho iliruka. Mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama na trei ya soda, anatazama kwa huzuni.

"Lakini hili nilikuwa nalivaa," alikuwa anasema.

"Lini?" mkewe akamuuliza kutoka kwenye kochi, mtoto mkononi. Wageni wakaangua kicheko.

"Tumesahau lebo," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikamsogelea yule dada mtu, nikamgusa mkono. "Shikamoo. Tumesahau lebo. Naomba blanketi."

"Marahaba. Umesahau nini?"

"Lebo."

"Lebo ya nini, mwanangu? Kila mtu hapa anamjua fundi! Kunywa soda." Na palepale akalinyakua blanketi kwa mgeni wa mwisho, akalitandaza kwenye mkeka katikati ya sebule. "Haya, wifi, leta mwanetu alale juu ya mashati ya baba yake!"

Mke wa Mwalimu akainuka. Akapiga magoti. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi. Mikono ikaanza kushuka. Nikafungua mdomo, pumzi ikatokea puani kama darasani. Mikono inashuka. Ule mfuko wenye doa uko chini yake kabisa.

"MSIMLAZE!"

Sijui ile sauti ilitoka wapi. Chupa zililia kwenye trei. Mtoto akashtuka akaanza kulia, mama yake akamrudisha kifuani, na watu wote, wote, wakanigeukia.

"Kuna pini ndani," nikasema. Sasa sauti ilikuwa imeshafunguka, haikuweza tena kufungwa. "Nimeiacha mimi. Msimlaze."

"Pini!" yule dada akasema. "Kwenye blanketi la mtoto mchanga! Fundi gani huyo?"

"Si fundi. Ni mimi niliyeshona. Yeye aliniambia niitupe, nikaificha."

"Wewe? Kitoto hiki kimeshona hili?"

Mwalimu akaweka trei chini. Nilidhani anakuja kunitoa nje. Akachuchumaa upande wa pili wa blanketi, kama vile tuko wawili tu.

"Umejuaje kwamba imo humu?"

"Nimehesabu, Mwalimu. Zilitoka arobaini, zimerudi thelathini na tisa. Sakafuni haipo. Kwenye cherehani haipo. Kwenye nguo yangu haipo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo imo humu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anavyofanya ubaoni mtu akipatia. "Itafute."

Nikatoa sumaku. Nikaanza safu ya kwanza, kipande kwa kipande. Shati jeupe, hakuna. Kijani, hakuna. Wageni walikuwa wameacha kutafuna. Safu ya pili. Ya tatu, nikaupita mfuko wenye doa, hakuna. Ya nne. Ya tano. Ya sita. Nikafika pembe ya mwisho.

Hakuna.

"Si mnaona!" yule dada akasema. "Ametutia kiwewe bure. Ondoa hilo lidude, mtoto alale."

 Nikahesabu tena kichwani, na hesabu haikubadilika. Nikafikiri: pale kwenye mfuko kitambaa ni mara mbili, na chini yake kuna blanketi kuukuu. Ni pazito.

"Bado," nikasema. Kwa mtu mzima! Nikaligeuza blanketi, flaneli ikawa juu, nikapitisha sumaku polepole mpaka katikati.

Tik.

Mgeni mmoja akapiga yowe. Nikaminya kitambaa kwa kucha mbili, ncha ikachomoza, nyembamba kama sharubu la mende. Nikavuta. Kipara akatoka mzimamzima, anang'aa, hana hata aibu.

 Yule dada alikaa chini kwenye kochi.

Mke wa Mwalimu aliitazama pini, akanitazama mimi. Nikajua sasa atalikunja blanketi anirudishie, na mama mdogo ndiyo basi tena.

"Pitisha tena," akasema. "Lote. Juu na chini."

Nikapitisha mara tatu. Mara ya tatu alipiga magoti akanishikia pembe. Halafu akalipapasa mwenyewe, akaulaza uso wake pale pale katikati, juu ya mfuko. Ndipo akamlaza mtoto. Mtoto akajinyoosha, akapiga miayo, akalala.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama mdogo! Futi imemning'inia shingoni, anahema, jasho linamtiririka, mkononi ana kandambili yangu.

"Jamani samahani," akasema, anajitahidi kutabasamu. "Ni lebo tu. Tumesahau lebo!"

Sebule nzima ikalipuka. Watu walicheka mpaka wakamwaga soda. Mama mdogo akabaki anageuza macho kwangu, kwa mtoto, kwa sumaku, mpaka akaiona pini kwenye vidole vyangu, na kandambili ikamdondoka.

"Fundi, kaa upumzike," yule dada mtu akasema akijifuta machozi. "Mimi nina mjukuu njiani. Nataka kama hili. Ila ashone huyu huyu, na pini ahesabu mbele ya macho yangu, kwa sauti!"

Mama mdogo alinikonyeza kidogo sana. "Mmh," akasema.

Nikahisi kama nitapaa.

Mwalimu alikuwa bado amechuchumaa, anaangalia mashati yake yakipanda na kushuka na pumzi za mwanawe. "Sasa ukirudisha hiyo," akaniuliza, "koponi zitakuwa ngapi?"

Nikachukua chupa tupu ya soda. Nikamdondosha Kipara ndani, akalia ting, nikaziba kwa kizibo chake na kukigonga kwa kiganja.

"Thelathini na tisa," nikasema.

Mwalimu, kwa mazoea tu, akaweka kiganja sikioni.

"THELATHINI NA TISA!"

Mtoto akaamka akalia, na mke wa Mwalimu akatufukuza sote wawili barazani.