Jino la Kwanza la Majira ya Baridi

Jumamosi ya tarehe kumi na saba Januari, mwaka 2009, mke wangu Vernelle alitia mdomoni jino la papa alilolitoa kwenye kijito cha Huggins, na siku hiyo kijito cha Huggins kilikuwa kimebeba mavi ya mji mzima wa Cottrell. Nasema mavi kwa sababu ndiyo yaliyokuwamo. Wenye ofisi wana maneno yao. Wanasema "umwagikaji", wanasema "tukio". Nimeyasikia maneno hayo mpaka yamenitoka puani, na hadi leo nikimeza mate nasikia ladha ya kitu ambacho mimi sikukionja.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu ya kwanza majini msimu ule. Desemba yote ilinyesha, kijito kikajaa mpaka mizizi ya misonobari ikazama. Kijito kama chetu huingiwa wakati wa baridi: nyoka wamelala, mbu wamekufa, na maji yakishuka ile changarawe nyeusi hujitokeza kwenye kona kama mgongo wa nguruwe. Humo ndimo yalimo meno. Hapa kwetu Carolina Kusini palikuwa bahari kabla hapajawa kitu kingine chochote, na papa wa zama zile walipukutisha meno kama mti unavyopukutisha majani. Mimi nilikuwa wa koleo, Vernelle wa chekeche. Mungu hakutupa watoto. Alitupa meno, tukajaza chupa za kioo dirisha zima la jikoni, na jua la asubuhi likipita humo, ukuta wa pili ulipata madoa ya kijivu na ya buluu ambayo Vernelle hakukubali niyafunike kwa rangi.

Watu watauliza, hamkusikia harufu? Waliniuliza hivyo hasa, kwenye kikao, watu waliovaa tai. Matope ya Huggins yananuka yai bovu tangu siku niliyoyajua. Ukikanyaga, yanajamba. Mtu wa kijitoni akisikia uvundo anajua amefika. Kulikuwa na povu jeupe limeganda kwenye magogo, lakini povu huwapo kila baada ya mvua, majani yakioza. Na kulikuwa na kitambaa cha kijivu, kirefu, kimenasa kwenye mzizi, kinacheza na mkondo. Vernelle alikisukuma kwa ncha ya kiatu akasema watu wa mtaa wa juu hawana adabu, wanatupa matambara yao mtoni. Hakikuwa kitambaa, kilitoka vyooni mwa watu. Nimekwisha kukifikiria sana kile kitu, na sitaki kukifikiria tena, ila kinakuja chenyewe nikiwa mezani.

Rafiki yetu Dub Tisdale alikuwa chini kidogo ya daraja, peke yake, akilitukana koleo lake. Dub ndiye aliyetufundisha kijito, na ndiye aliyetufundisha desturi. Jino la kwanza la msimu halitiwi mfukoni. Aliyelipata analisuuza palepale, analitia mdomoni, na linakaa shavuni mpaka atoke majini kula. Wanasema ni kulipasha moto, limekaa kwenye baridi muda mrefu kupita akili. Asiyelipasha moto atachekecha mchanga mtupu mpaka majani yachipue. Kila mtu hufanya. Mchungaji wetu amefanya, na sijamsikia akiliombea msamaha. Dub mwenyewe msimu mmoja alicheka vibaya akalimeza, akalingoja siku mbili, akalipata, na sasa limo kwenye kabati lake la vioo pamoja na mengine. Hakuna mgeni aliyewahi kuthubutu kuuliza ni lipi.

Kwa hiyo kila mwaka mimi na Vernelle tulishindania lile la kwanza. Siku hiyo nilikuwa na hakika ni langu. Nilimwaga koleo kwenye chekeche lake, nikainama kabla hajatikisa, na yeye akanipiga mkono kama mtoto anayeiba sukari. Akatikisa. Changarawe ikalia, maji yakashuka yakiwa rangi ya chai, na katikati likabaki jino pana kama vidole viwili, la buluu ya moshi, kingo zake bado zina msumeno. Hata Dub alikuja kuangalia.

"Uzee umekukamata, baba," Vernelle aliniambia. "Jicho halioni, mgongo haupindi. Kakae garini usikilize mpira."

Akalisuuza. Akalitia mdomoni. Shavu likavimba upande mmoja, na asubuhi yote alizungumza kama mtu aliyetoka kung'olewa jino badala ya kuokota. Dub alisema huo ndio ukimya wa kwanza nilioupata tangu ndoa. Vernelle alimrushia tope.

Tulikula nyuma ya gari, mikate ya jibini na pilipili, na karanga za kuchemsha zikiwa bado na moto kwenye chupa ya chai. Alilitema jino kiganjani, akalikausha kwa ncha ya skafu, likang'aa. Alikuwa na furaha. Nalisema hilo kwa sababu wale watu wanapomtaja wanamtaja kama mgonjwa tu, marehemu, kesi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tatu, pua nyekundu kwa baridi, na alikuwa amenishinda.

Jumanne alfajiri alinyanyuka kitandani akiwa ameshika tumbo.

Sitasimulia yote. Naweza kusema kwamba mwili wa binadamu una aibu zake, na mke wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa alifunga mlango wa choo hata nikiwa sipo nyumbani, hakupewa nafasi ya kuufunga. Damu ilikuwamo. Nilimfunga taulo, nikamweka garini, nikaendesha kuelekea hospitali ya wilaya. Barabara ya hospitali inapita daraja la Huggins. Pale darajani palikuwa na gari jeupe la mji na mtu mwenye fulana ya rangi ya machungwa anapigilia bango.

Mimi si msomaji. Shule niliiacha nikaenda kiwanda cha matofali kabla sijaota ndevu, na herufi zikiwa nyingi huwa nazipita. Vernelle ndiye aliyenisomea kila kitu, bili, Biblia, dawa za mbwa. Aligeuza shingo kwenye kiti akalisoma lile bango kwa sauti, polepole, kama alivyozoea kunisomea.

"Maji haya yana majitaka. Usiguse. Usiogelee."

Tulivuka daraja. Tulipita kanisa. Halafu akasema, "Harlan, mimi nimelitia mdomoni."

Nilikanyaga mafuta.

Mchana nilirudi nyumbani kumchukulia vazi lake la kulalia, na yule mtu wa fulana ya machungwa alikuwa bado yuko kwenye njia ya kijito, anapigilia bango la pili. Alikuwa kijana wa kawaida, ana mafua. Nikamuuliza yamemwagika lini. Akasema pampu ya majitaka ilikufa Alhamisi usiku, ndivyo alivyosikia.

"Na leo ni siku gani?"

"Mzee wangu, mimi nimeambiwa leo asubuhi. Jana ilikuwa sikukuu."

"Umeambiwa na nani?"

Akaelekeza nyundo juu, kama vile amri ilikuwa imeshuka kutoka mawinguni, kisha akaona uso wangu akaishusha. Mabango, alisema, yalikuwa stoo siku zote. Yamepangwa mlangoni kabisa. Alijikwaa kwenye mabango hayo Ijumaa alipokuwa akitoka.

Figo za Vernelle ziliacha kazi mwishoni mwa wiki. Walimwunganisha na mashine. Alivimba, akawa na rangi ya nta ya mshumaa, na pumzi yake ikaanza kunuka mkojo. Muuguzi aliniambia nisishtuke, ni kawaida. Hakuna kilichokuwa cha kawaida. Nilimbusu mdomo ule kila jioni kabla sijaondoka, na nitasema ukweli, nilikuwa nikifika kwenye lifti nafuta midomo kwa mkono wa shati, na hasira yangu kwa wale watu inaanzia hapo hasa, kwamba walinifanya nimwonee kinyaa mke wangu siku zake za mwisho. Alikufa kabla Januari haijaisha.

Meneja wa mji alikuwa mtu anaitwa Kendrick Lathrop, mikono laini, meno meupe yaliyonyooka. Alikuja msibani. Kwetu mtu akifiwa, watu huleta chakula, na Lathrop alileta paja la nguruwe la kuoka, limefungwa karatasi ya kung'aa, limepigiliwa karafuu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Halafu akamuuliza mchungaji, kwa sauti ya chini ambayo aliitaka isikike, kama ni kweli Jumapili ile, kabla Vernelle hajaugua, kanisa lilichoma chaza.

Hapo nikajua wameshapata njia ya kutokea.

Ni kweli tulichoma chaza. Kila Januari tunachoma, magunia kwa magunia, juu ya bati, nyuma ya kanisa. Kila muumini alikula. Dub alikula mpaka akafungua mkanda. Hakuna aliyeumwa hata kichwa. Lakini wiki haikuisha mji mzima ukawa unazungumza juu ya chaza. Dukani waliniambia pole, Harlan, chaza ni hatari kwa mtu mzima. Hata daktari, aliyekuwa ameandika siku ya kwanza kwamba chanzo ni maji ya kijito, nilipokwenda kumwona alisema ni vigumu kuwa na hakika. Aliyasema hayo akitazama kalenda ukutani.

Lile paja la nguruwe niliwatupia mbwa. Walilila lote pamoja na karafuu, wakaja kunilamba mkono.

Mwezi wa Machi waliitisha kikao cha wazi. Dub alinilazimisha kuvaa koti. Lathrop alisimama na picha kwenye ukuta akaeleza kwamba mvua za Desemba zilikuwa nyingi mno, pampu ilikuwa ya zamani, na kwamba kufikia Jumamosi maji machafu yalikuwa yamechanganyika na maji ya kijito kwa kiwango cha kuridhisha. Alisema hivyo hasa, kiwango cha kuridhisha. Watu waliandika.

Nilikuwa na lile jino la Vernelle mfukoni. Nililitoa, nikatembea mpaka mbele, nikaliweka mezani mbele yake.

"Lisuuze kwenye kijito leo," nikamwambia. "Maji yako yanaridhisha. Halafu litie mdomoni, ukae nalo mpaka wakati wa kula."

Lathrop alinitazama kwa huruma, huruma ile ambayo wanafundishwa. Kisha akalisogeza jino pembeni. Hakuligusa kwa kidole. Alilisukuma kwa ncha ya kalamu, akaifuta kalamu kwa leso, akairudisha mfukoni. Watu mia waliona. Kwa maoni yangu kikao kingeweza kuisha pale, maana mtu huyo alikuwa ameshajibu, lakini kwenye ofisi kitu hakijasemwa mpaka kisemwe kwa maneno.

Katika baraza la mji kulikuwa na mama mmoja mpya, Bi Rosalind Keels, aliyekuwa muuguzi zamani. Yeye peke yake ndiye aliyeniuliza jina la mke wangu. Alimgeukia fundi wa pampu, mtu mnene aliyekuwa ameketi nyuma kabisa akiombea asionekane, akamuuliza kama pampu ile ikifa huwa inatoa taarifa.

Fundi alisema ina kengele. Ikifa, inapiga yenyewe simu ya zamu, ile anayolala nayo mtu wa zamu.

"Na Alhamisi hiyo ilipiga?"

"Ilipiga, mama."

"Ikapokelewa?"

Fundi akamtazama Lathrop. Mimi pia nikamtazama. "Ilipokelewa," akasema. "Ikazimwa."

Bi Keels akauliza simu hiyo wiki ile ilikuwa kwa nani. Lathrop akainuka kabla fundi hajafungua mdomo, akasema suala hilo sasa liko mikononi mwa mawakili, na kwamba mji wa Cottrell unaungana na familia katika majonzi. Nilisema kitu ambacho sikirudii hapa. Dub alinishika kiuno akanitoa nje, na hata yeye, mtu asiyenyamaza kanisani, hakuwa na utani.

Lathrop aliondoka mwaka uliofuata, amepata kazi kwenye mji mkubwa zaidi. Walimfanyia karamu. Pampu ni mpya, imezungushiwa ukuta wa matofali ambayo huenda mimi mwenyewe niliyachoma. Bi Keels alipoteza kiti chake. Fundi nilimkuta mara moja kwenye foleni ya petroli. Aliacha gari lake na bomba likiwa bado ndani, akaingia dukani, hakutoka mpaka nilipoondoka.

Dub bado anaingia majini. Alikuja juzi, baridi imeshika, akaniambia mzee mwenzangu, changarawe imetoka kwenye kona yetu, hujawahi kuiona imetoka namna hiyo. Nilimkaribisha kahawa. Alikunywa akitazama nje, kisha akaenda zake.

Mimi siumwi. Nalala vibaya tu. Najua kila kitu kilichotokea Jumamosi, na Jumanne, na mpaka mwisho. Ile Alhamisi ndiyo sijui. Mahali fulani katika mji huu, ndani ya chumba chenye joto, simu ililia. Mtu akatoa mkono kwenye blanketi, akasikiliza, akabonyeza kitufe, kengele ikanyamaza. Nimewauliza wote wa ofisi ya mji, kila mmoja kwa jina lake, barabarani, kanisani, mlangoni kwao, na nitaendelea kuuliza: mtu huyo, alipoiweka simu chini, alikaa kitandani akafikiria yaliyo chini ya daraja, au aligeukia upande wa pili akalala?