Ripoti ya Pikipiki Mbili

Nilikuwa nimefumba jicho moja, jeti, kile kijibomba cha kupitishia petroli kwenye kabureta, nimeielekeza juani, nikitafuta mwanga kwenye tundu lisilopitisha hata unywele, mke wangu alipoingia karakana akiwa na sare yake ya ukunga.

"Umeshaandika?"

"Naandika."

"Kwa jeti?"

Kituo chake cha afya kilikuwa kimepata pikipiki mpya ya injekta. Aliulizwa yeye kwanza: aichukue, au abaki na ile kuukuu ya kabureta ambayo ameiendesha miaka sita akienda kuzalisha akina mama majumbani. Atakayoiacha angepewa mlinzi wa kituo, ya kuchotea maji. Mganga mkuu wa kituo alitaka jibu kesho saa mbili asubuhi, pamoja na maelezo ya fundi. Fundi ni mimi. Pikipiki zote mbili zilisimama mbele yangu, na daftari lilikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Kazi hii nilijifunza kwa kufungua na kufunga, bila mwalimu, na kabureta ndiyo iliyonifundisha. Ikishiba petroli kupita kiasi inatoa moshi mweusi, ikinyimwa inakohoa. Unazungusha skrubu robo mzunguko, unasikiliza. Injekta haina skrubu hiyo. Inajiamulia yenyewe kiasi cha petroli, nawe unabaki umesimama na bisibisi yako kama mgeni ambaye hajaambiwa akae.

Hata hivyo sikutaka kumwonea mtu. Asubuhi ile niligawa ukurasa kwa mstari wa rula. Upande wa kabureta nikaandika: "Vipuri vipo kila mahali. Inarekebishika njiani." Upande wa injekta: "Inakula mafuta kidogo. Inawaka hata asubuhi ya baridi." Kisha nikaanza kufungua kabureta ili nionyeshe jinsi kazi yake ilivyo rahisi, na urahisi huo ukanimalizia mchana.

Miwani, mchomeleaji ninayeshirikiana naye uwanja, alikuwa ananitazama tangu saa sita.

"Injekta hujaifungua?"

"Haina cha kufungua."

"Ndiyo kosa lake hilo?"

Nikaona aibu. Nikaiwasha injekta. Iliitikia mara moja, ikatulia. Nikaingiza gia, ikazima. Nikawasha tena, gia, ikazima. Sikufurahi, nasema kweli. Nilichukua tu kalamu haraka kidogo. "Inazima yenyewe bila sababu," nikaandika, nikapiga mstari chini ya neno "bila".

Miwani alikuja, akakunja stendi ya pembeni kwa ncha ya kiatu.

"Jaribu sasa, daktari."

Gia ikaingia, injini ikaendelea kunguruma. Kumbe ina swichi: stendi ikiwa chini, haikubali kuondoka, isije ikamwangusha mtu.

"Imekukatalia kuvunjika mguu," alisema. "Andika na hilo kwenye makosa."

Niliikata sentensi ile, lakini bado ilisomeka.

Hilo ndilo daftari alilolishika mke wangu. Alisoma yote polepole, pamoja na yaliyokatwa.

"Hapa umeandika 'inarekebishika njiani'. Na nani?"

"Na fundi."

"Fundi gani huyo anayeshinda njiani?"

"Ukinipigia nakuja. Mwaka huu nimekuja mara saba."

"Tisa."

Mara tisa nilidandia gari lolote lililopita, nikamkuta kando ya barabara, begi la vifaa magotini. Niligonga bakuli la kabureta kwa mpini wa bisibisi, boya la ndani linalopima petroli, lililokuwa limekwama, likaachia, tukarudi pamoja, yeye nyuma yangu akinisimulia mtoto aliyezaliwa na kilo zake. Nyumbani hatuongei hivyo. Nyumbani kuna vyombo na sare za kufua.

"Unadhani mimi sijui kugonga kabureta?" alisema. "Mara ya tatu nilishajua. Bisibisi ninayo kwenye begi."

"Sasa mbona unanipigia?"

Miwani alizima mashine yake ya kuchomelea ili asikie vizuri.

"Nikiwa narudi, nakupigia. Nikiwa nakwenda kuzalisha, nagonga mwenyewe." Alirudisha daftari juu ya ndoo. "Juzi niligonga, ikakataa. Nikakimbia kwa miguu, begi kichwani. Nimefika, mtoto ameshatokea, jirani kampokea kwa kanga. Wamepona wote wawili. Lakini sitaki tena kukimbia vile, mume wangu."

Niliitazama jeti mkononi. Ilikuwa safi kabisa.

"Kwa hiyo injekta."

"Andika wewe. Fundi ni wewe."

"Haitazima ovyo."

"Najua."

"Hutakuwa na sababu ya kunipigia."

"Na wewe lini ulitafuta hitilafu ukaikosa? Leo tu umeipata kwenye stendi."

Miwani alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika: "Napendekeza injekta." Nikatia saini, nikachana karatasi, nikampa. Aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa sare.

Kabureta ilibaki vipande vipande ndani ya beseni: bakuli, boya, sindano, skrubu nne. Mlinzi angeihitaji. Kuifunga ni kazi ya dakika ishirini, na mwanga ulikuwa bado upo. Nikaweka jeti kati ya vipande vile, nikafunika beseni kwa kitambaa.

"Kesho ukitoka kazini pitia hapa," nilimwambia. "Kuna boya nataka unishikie."

"Boya halishikwi na watu wawili."

"Hili linashikwa."