Maoni Yamepokelewa

Siku vipanya vipya vya kompyuta vilipoletwa ofisini, Mama Stella alikuwa amevaa glavu za sufi alizozikata ncha ili vidole vipate kuchapa. Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba Njombe haumtanii mtu. Ukungu ulikuwa umeganda dirishani tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Jiko la mkaa lilikuwa chini ya meza, koti lilikuwa mwilini, na bado miguu aliihisi kama ya kuazima.

Jina lake la kwenye faili ni Margareth, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa katibu muhtasi wa ushirika wa wakulima wa viazi, hapo makao makuu Njombe mjini, na kazi hiyo aliianza tangu enzi za kompyuta zenye kisogo kirefu. Nyumba yake, lakini, ilikuwa Makambako, na uchovu wake wote ulianzia hapo. Mumewe Yosefu alikuwa na duka la mbao kule. Kule kulikuwa na mama mkwe, wifi yake Fidelia, watoto, watoto wa ndugu, na wapangaji wa uani ambao siku nyingi walishasahau kwamba ni wapangaji. Nyumba ya aina ile ambayo birika la chai halipoi na habari ya mtaa haipiti mlangoni bila kukaribishwa kiti. Njombe yeye alikuwa na chumba kimoja, kitanda, ndoo na redio.

Jumatatu alfajiri anapanda Njombe, Jumamosi mchana anateremka Makambako. Akilalamika, watu humwambia hiyo nayo ni safari, pua na mdomo, lami tupu. Angekuwa ameacha nyumba Mtwara au Bukoba wangemwonea huruma. Kwa kuwa ni karibu, hakuna aliyemwonea, na ukaribu huohuo ndio uliokuwa ukimmaliza, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka makondakta wa njia ile wakamjua kwa kikohozi.

Aliomba uhamisho kwenda tawi la Makambako. Akaomba tena. Kila mara meneja wao, Bwana Efraimu, mtu mpole asiyeweza kumwambia mtu hapana, alimjibu kwa upole uleule: "Tumelipokea, Mama Stella. Tunalifanyia kazi." Na mtu yeyote aliyewahi kufikisha shida yake ofisini katika nchi hii anajua neno hilo lina maana gani. Jambo likishapokelewa, ndiyo basi, limezikwa kwa heshima.

Sasa hivyo vipanya. Aliyevileta ni Brayson wa TEHAMA, kijana wa watu, mwenye haraka na manukato. Aliweka kimoja juu ya kila meza kama anayegawa sabuni. Kilikuwa cheupe, bapa, laini kama yai lililokaliwa. Hakina waya, hakina kitufe, hakina kile kigurudumu cha katikati. Brayson akaeleza kwamba hiki hakibonyezwi, hiki kinaguswa. Unakipapasa mgongo kwa kidole, kwenda mbele, kurudi nyuma, pembeni, na chenyewe kinaelewa unataka nini. Meneja anataka maoni ya watumiaji, akasema, kila mtu aseme ukweli wake.

Dorika wa masjala, ambaye meza yake ilikuwa jirani na printa na mdomo wake jirani na kila kitu, alikitazama kwa muda.

"Mume wangu mwenyewe sijampapasa mgongo tangu Pasaka," alisema. "Leo nimpapase panya?"

Ofisi ikacheka, na kicheko kile kilikuwa ndicho joto pekee la siku hiyo. Kwa sababu kazi ilipoanza, mambo yakawa mengine. Mhasibu alisema hakina neno, kizuri sana, kisha akakiweka juu ya stakabadhi zisipeperuke na kurudia cha zamani. Dorika akasema chake kinamwogopa. Mlinzi, aliyeingia kuota moto, alikishika akauliza kama kinachemshwa. Lakini hao kompyuta waliigusa kwa kupita. Aliyekuwa nayo toka asubuhi hadi jioni ni Mama Stella, na kwake kipanya kilikuwa kiziwi. Alipapasa, hakikusikia. Akapapasa tena, hakikusikia. Vidole vyake vilikuwa vikavu, vimepasuka kwa baridi, na ncha zimekuwa ngumu kwa shamba la viazi la ukweni alilolima miaka yote ya ndoa. Hata siku ya kusajili laini ya simu kwa alama za vidole alirudishwa mara kadhaa, mashine ikidai haimwoni mtu. Ilibidi sasa avue glavu, apashe kidole jikoni, akipulizie pumzi, ndipo apapase haraka kabla hakijapoa. Kazi ya kubofya mara moja ikawa ibada nzima.

Siku moja alifungua barua yake ya uhamisho. Alikuwa akifanya hivyo kila baada ya muda, na alichobadilisha kilikuwa tarehe tu. Akataka kuifunga. Kipanya kimya. Akapapasa, akasugua, akapasha kidole moto, akarudi, akasugua tena kwa hasira ya mtu aliyechoka, na hapo kikasikia yote kwa mpigo, mshale ukiwa juu ya alama ya kuchapisha. Kule kwa Dorika printa ikaguna, ikaanza kutema. Ombi la uhamisho. Ombi la uhamisho. Ombi la uhamisho. Karatasi zilijaa trei, zikamwagika sakafuni, na Bwana Efraimu akawa anapita na kikombe chake cha chai. Akainama, akaokota moja, akaisoma kama anayeiona mara ya kwanza.

"Mama Stella, hili si tulishalipokea?"

"Mlilipokea, Bwana Meneja. Kipanya ndicho kilikuwa hakijalipokea."

Dorika alijificha nyuma ya faili. Meneja hakucheka, ila hakukasirika pia. Alikaa kwenye kona ya meza na kueleza, kwa sauti ya mtu aliyebeba zigo la peke yake, kwamba mwenye duka aliyeviuza hakubali kwamba vina kasoro. Anasema tawi la Makambako wanavyo vilevile na hakuna aliyelalamika, kwa hiyo tatizo ni watumiaji wa Njombe. Akafikiri kidogo. Kisha akasema Mama Stella aende Makambako wiki nzima, afanye kazi kulekule kwa kipanya hichohicho, arudi na maoni ya maandishi.

Mama Stella aliitikia bila kuonyesha kitu usoni. Kisha akainama kuokota zile karatasi, moja baada ya nyingine.

"Wanakuonjesha kwanza," Dorika alimnong'oneza. "Shona gauni la kuagwa."

Makambako kulikuwa na upepo wake na vumbi lake, lakini upepo wa kwenu haukung'ati vile. Aliamka nyumbani kwake, akanawa maji ya moto yaliyochemshwa na mwingine, akatembea kwa miguu hadi tawini. Alipoweka kidole juu ya kipanya, kikasikia. Akapapasa tena ahakikishe. Kikasikia. Karani wa pale, Steven, kijana mnene mwenye viganja vya moto kama mikate, alimwambia yeye hawezi tena kurudia kile cha zamani, hiki anakiongoza huku anakunywa chai. Mama Stella akatazama vidole vyake mwenyewe kwa mshangao. Kumbe havikuwa vimekufa. Vilikuwa mbali na nyumbani tu.

Jioni kipanya kikawa ndiyo habari ya nyumba nzima. Kila mtu alikuwa na maoni, ingawa hakuna aliyekiona. Mpangaji mmoja alisema hivyo vitu vinavyoguswa vinajua mpaka mapigo ya moyo. Mwingine akasema basi vitajua na madeni. Mama mkwe aliuliza kama kinang'ata. Kisha akavuta mikono ya mkwewe magotini mwake, akaipaka mafuta ya mgando polepole, kidole kwa kidole, kama anayefinyanga.

"Hii mikono ni ya mtu anayelala peke yake kwenye baridi," alisema. "Wataniulia mkwe."

Yosefu alikuwa amekaa mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Tangu aoe amekuwa akihesabiwa mume wa Jumamosi, utani ambao mwanzoni ulimchekesha.

Siku ya mwisho Mama Stella aliandika maoni. Angeweza kusema kipanya ni kibovu kila mahali, vikarudishwa dukani, mambo yakaisha. Angeweza kukisifu kama mhasibu. Lakini alikuwa amechoka hata kutunga uongo, na isitoshe, ukweli safari hii ulikuwa upande wake. Akaandika kwamba Njombe kifaa hakisomi vidole vyenye baridi, kwamba Makambako kidole kilekile kinasomwa vizuri, na mwishoni akaongeza: *Kwa maoni yangu kifaa hiki kinafaa zaidi Makambako, pamoja na mtumiaji wake.* Akamsomea Fidelia, akamuuliza kama maneno hayo ya mwisho ayafute.

"Yaache hapohapo, wifi," Fidelia alisema. "Hiyo hata kipofu ataiona."

Na Fidelia akiona jambo, mtaa umeona. Kabla Mama Stella hajapanda gari la Jumatatu, jirani wa nyuma alishampa hongera.

Wiki ile Njombe alifanya kazi kama anayetembea juu ya mayai. Bwana Efraimu alipomwita, alivua glavu kwanza, akajifuta uso, akaingia.

"Maoni yako tumeyapokea," Meneja alisema.

Mama Stella akasubiri ile sehemu ya pili aliyoijua kwa moyo.

"Na tumeyafanyia kazi."

Hakuwahi kulisikia neno hilo likiwa limekwisha namna hiyo. Alishika mgongo wa kiti. Meneja akasoma uamuzi: vipanya vyote vya makao makuu vihamishiwe tawi la Makambako mara moja, na vile vya zamani virudishwe mezani. Akakunja karatasi, akatabasamu kama mtu aliyetenda wema.

"Na mtumiaji wake?" Mama Stella aliuliza.

"Mtumiaji si yupo? Steven anavipenda."

"Nilimaanisha mimi, Bwana Meneja."

Efraimu alivua miwani. Akayatazama yale maoni tena, na Mama Stella akaona kwamba sentensi ile ya mwisho ndiyo kwanza anaisoma.

"Mama Stella," alisema hatimaye, taratibu. "Ikama ya tawi imejaa, idadi ya watumishi imetimia. Mpaka nafasi itokee. Kipanya hakihitaji ikama."

Hakuwa mtu mbaya. Alimmiminia chai kwa mkono wake, akaongeza sukari bila kuulizwa. Mama Stella alikunywa kwa sababu ilikuwa ya moto.

Barua ya kuhamisha vipanya aliichapa yeye, nani mwingine angeichapa. Hakuanza upya. Alifungua lile ombi lake, ambamo kutoka Njombe kwenda Makambako kulishaandikwa vizuri, akafuta jina lake, akaandika *vipanya*. Kile cha zamani chenye waya kilisikia mbofyo wa kwanza. Meneja akasaini siku hiyohiyo. Kisha, kwa kuwa Jumamosi anateremka huko, akaombwa avibebe.

Alishuka na boksi kubwa lenye mhuri wa ushirika na utepe wa ofisi. Tawi lilikuwa limeshafungwa, hivyo akaelekea nalo nyumbani. Fidelia, aliyekuwa akianua nguo, aliliona boksi kabla hajamwona mwenyewe, na alichofanya ni kile ambacho angekifanya mtu yeyote mwenye wifi: alipiga vigelegele. Wapangaji wakatoka. Jirani wa nyuma akatoka. Mmoja akampokea boksi kichwani, mwingine akatoa kiti, mama mkwe akaja akijikongoja na upande wa khanga. Yosefu alitoka dukani na rula ya kupimia mbao mkononi. Akasimama, akaangalia mhuri, akamwangalia mkewe, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo Mama Stella alikuwa hajaiona miaka mingi.

"Karibu nyumbani," alisema.

Mama Stella angependa ile dakika ikae kidogo, hata kwa uongo. Lakini watu walikuwa wakimtazama, na boksi lilikuwa limeshawekwa katikati ya ua.

"Ni vipanya," alisema. "Waliohamishwa ni hawa."

Upepo ulizungusha vumbi uani, ukapita. Mama mkwe ndiye aliyeuliza.

"Na wewe?"

"Langu limepokelewa, mama."

Mpangaji mmoja alianza kucheka, akajizuia, ikashindikana, na kicheko kikashika nyumba nzima, hata Yosefu, hata yeye mwenyewe, kicheko cha watu waliochoka ambacho ukikisikiliza vizuri hujui kimegeuka kilio saa ngapi. Fidelia alijifuta macho. Akalibeba boksi, akalipeleka jikoni, akalisogeza karibu na moto.

"Wakae hapa," alisema. "Wasije wakapata baridi wakaomba kurudi Njombe."

Yosefu alirudi dukani na rula yake, akakaa huko muda mrefu kuliko mbao zilivyohitaji. Mama Stella aliketi kwenye kile kiti alichotolewa. Akavua glavu, akaziweka mfuko wa koti, mahali ambapo Jumatatu alfajiri mkono ungezikuta bila kuzitafuta, kisha akampa mama mkwe vidole vyake.