Chafya za Manong, Upele wa Manang

Jumamosi, saa kumi kasorobo alasiri, Bebing alikuwa amechuchumaa uani akimwogesha paka wa dada yake kwa maji ya majani ya kakawati, dawa ya viroboto, mara akapiga chafya tatu mfululizo. Akajua kaka yake amerudi kutoka kikao cha mtaa na amemnyanyua mbwa.

"Manong!" akaita bila kugeuka. "Mshushe huyo Heneral, nina paka mkononi!"

"Kidogo tu, Inday," Nestor akajibu kutoka sebuleni. "Amenisubiri tangu asubuhi, maskini."

Chafya ya nne ikaja. Paka akachomoka, akaparamia ukuta na povu lake mgongoni, akaenda zake juu ya mabati ya majirani kutafuta viroboto wengine.

Ndivyo walivyoishi katika nyumba ile ya milango mitatu na jiko moja, mtaa wa kanisa dogo la San Roque, pembezoni mwa jiji la Iloilo. Nestor, mkubwa wao, diwani wa mtaa, ndiye Manong. Eufemia wa kati, mwalimu wa darasa la pili, ndiye Manang. Bebing, kitinda mimba, aliitwa Inday kama wadogo wa kike wote wa mtaa ule. Nestor alikuwa na mzio wa mbwa. Femia ngozi yake haikuvumilia kiroboto hata mmoja. Madaktari waliyaandika hayo tangu wakiwa watoto, na karatasi zipo kabatini. Lakini Nestor akimkumbatia mbwa, aliyepiga chafya na kuvimba macho ni Bebing. Na kiroboto akimuuma Femia kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, uvimbe wa ukubwa wa harage ulimtoka Bebing, kifundo cha mguu wa kushoto. Bebing mwenyewe hakuwa na mzio wa kitu chochote duniani.

Ilianza juma lile walilomzika mama yao. Mama aliwaita watoto kitandani akawaagiza wabebeane mizigo. Manong na Manang waliitikia kwa machozi. Bebing, aliyekuwa na miaka tisa, hakuwamo chumbani. Alikuwa jikoni anachemsha maji ya kumkanda mgonjwa. Siku ya tatu baada ya mazishi Nestor aliokota mbwa barabarani, akamlaza kifuani, akasubiri pumzi zimbane kama kawaida. Pumzi hazikubana. Jikoni, Bebing akaanza kupiga chafya. Manong na Manang wakasikiliza kidogo, wakaelewa, wakaendelea kula.

Heneral alikuwa mbwa wa tano tangu hapo, na Monsenyor paka wa tatu. Monsenyor alilala kitandani kwa Femia, chini ya shuka ileile. Bebing alipojaribu kusema kuhusu viroboto, Femia alimjibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba paka wake hana viroboto. Yeye analala naye kila siku na hajawahi kuwashwa.

Wala usidhani hawakupendana. Walikula sahani zinagusana. Kila jioni, kabla ya chakula, Nestor alimkalisha mdogo wake kwenye ngazi ya mlango na kumkuna mgongo kwa kipande cha kumbi la nazi, taratibu, mpaka macho yamfumbe. Hakukuwa na diwani mwingine aliyemkuna dada yake hadharani. Watu walipita wakasimama kuangalia. Padri aliwataja kwenye mahubiri. Ofisi ya mtaa iliwapa cheti cha Ndugu wa Mfano chenye fremu ya dhahabu, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, kiliandikwa jina la Nestor.

"Ningekuwa na mdogo kama huyo," alisema Tiya Openg mwenye kioski cha jirani, "mimi ningefuga mamba."

Mwaka huo Bebing alikuwa na miaka thelathini na tisa, na mikono yake ilijua unga kuliko mikono ya mtu yeyote mtaani. Mikate yake ya asubuhi iliisha kabla jua halijapanda juu ya mnara wa kanisa. Mpwa wa Tiya Openg, anayefanya kazi Brunei, akaleta habari kwamba hoteli moja kule inatafuta mwokaji mikate. Bebing akaandika barua, akatuma picha za mikate, akakubaliwa. Masharti yalikuwa mawili: awe hajatimiza miaka arobaini, na apasi kipimo cha afya, hasa ngozi ya mikono, kwa sababu ya chakula. Arobaini angetimiza Septemba. Kipimo kilipangwa tarehe kumi na sita Agosti, saa moja na nusu asubuhi, kliniki ya mjini. Nafasi nyingine hakuna.

Aliwaambia mezani. Nestor akaweka kijiko chini, akalia kama mtoto.

"Sasa nani atakaa na sisi?"

"Mtakaa wenyewe, Manong. Mna miaka hamsini."

"Yeye ana hamsini na mbili," Femia akasahihisha, huku naye machozi yanamchuruzika. Kisha akauliza kile ambacho wote wawili walikuwa wanakiwaza: "Na huko Brunei... yatakufikia? Au yatarudi kwetu?"

Hawakujua. Ikabidi wajaribu. Bebing akavuka kwa boti hadi kisiwa cha Guimaras na kukaa huko mchana mzima. Saa nane Nestor akambeba Heneral kwa dakika kumi, macho kwenye saa. Jioni Bebing akarudi na macho mekundu, amebeba mfuko wa maembe.

"Saa nane," akasema.

"Saa nane kamili," akasema Nestor, akamkumbatia kwa furaha. "Basi nenda, Inday. Nenda ukatafute maisha. Umbali si kitu kwa ndugu wanaopendana."

Kilichobaki kilikuwa ngozi. Wakakubaliana: siku nne kabla ya kipimo, Heneral na Monsenyor watakwenda kukaa kwa Tiya Openg, na hakuna mtu kuwagusa mpaka Bebing awe ametoka kwa daktari. Nestor aliapa mbele ya picha ya mama. Femia aliapa na kufua shuka.

Siku ya kwanza mabaka yalififia. Siku ya pili macho yalifunguka yote mawili. Siku ya tatu Bebing alikunja mikono ya blauzi, akasimama mlangoni kwenye mwanga akaitazama mikono yake, juu na chini, kama kitambaa anachotaka kununua. Ilikuwa mikono laini, rangi moja. Na kwenye kiwiko cha kulia alikuwa na alama nyeusi ya kuzaliwa ambayo hakuwahi kuijua.

Siku hizo hizo Nestor alikuwa akiegemea ukuta wa Tiya Openg.

"Anakula?"

"Anakula kuliko wewe. Ondoka hapo, diwani, unanifukuzia wateja."

"Mwambie nimeuliza."

"Mbwa? Nimwambie mbwa umeuliza?"

Sasa, tarehe kumi na sita Agosti ni sikukuu ya San Roque, yule mtakatifu mwenye kidonda pajani na mbwa miguuni. Kila mwaka saa tatu asubuhi watu huleta wanyama wao kanisani wabarikiwe, na mbele ya maandamano hutembea mdhamini wa sherehe, amembeba mbwa wake mikononi. Mwaka ule mdhamini alikuwa Nestor. Alikuwa amesubiri zamu hiyo miaka kumi na moja. Wote watatu waliijua tarehe, na waliijadili mezani kama watu wazima. Kipimo saa moja na nusu, maandamano saa tatu. Kwa saa moja na nusu mtu anapimwa, anavaa, anakunywa chai na kurudi nyumbani.

Asubuhi hiyo Bebing alifika kliniki akapewa namba kumi na nne. Daktari hakuwepo. Watu walikaa kwenye benchi mikono mapajani, wamejitunza kama mayai. Saa mbili ikapita. Saa mbili na nusu ikapita. Saa tatu kasoro dakika kumi daktari akaingia mbio, koti lake jeupe limejaa manyoya.

"Samahani jamani, samahani sana," akasema. "Kwetu siku ya San Roque wanyama hubarikiwa mapema, na foleni ya mbwa ilikuwa ndefu."

Kila mtu akamwelewa.

Namba tisa ilipoitwa, ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Kule mtaani Nestor alikuwa amesimama mbele ya kanisa, amevaa barong, shati jeupe la sherehe, mikono mitupu, nyuma yake bendi na sanamu ya mtakatifu na mtaa mzima.

"Mdhamini bila mbwa?" padri akauliza.

Nestor akamtazama Femia. Femia akatazama saa.

"Atakuwa ameshatoka zamani," akasema. "Na isitoshe, haya ni maji ya baraka. Mnyama aliyebarikiwa hawezi kumdhuru mtu."

"Kweli," akasema Nestor. Ilikuwa hoja nzuri sana. Tiya Openg akamkabidhi Heneral, ambaye alimlamba uso wote kwa siku nne zilizopotea. Femia naye, kwa kuwa sherehe ni sherehe, akamchukua Monsenyor, aliyekaa siku nne juu ya magunia ya kioski na viroboto wake wote.

Chafya ya kwanza ilimpata Bebing namba kumi na mbili akiwa ndani. Akaziba pua kwa mikono miwili. Ya pili ikapita katikati ya vidole. Mtu wa pembeni akasogea. Kisha Bebing akahisi mabaka yakishuka kutoka kwenye viwiko kwenda kwenye viganja, moja baada ya jingine, bila haraka, kama watu wanaoingia kanisani na kuchagua viti. Alipoitwa, alama ya kuzaliwa ilikuwa haionekani tena.

Daktari alimtazama mikono, akamtazama macho.

"Una mzio wa mbwa."

"Mimi sina, daktari. Huo ni wa kaka yangu."

"Na haya mabaka ya mikononi?"

"Hayo ya viroboto. Ni ya dada."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaigeuza fomu mbele na nyuma, akaisoma kwa makini. "Hii fomu haina sehemu ya maradhi ya ndugu," akasema mwisho. "Kaka yako akija kupimwa yeye?"

"Utamkuta mzima kabisa."

"Basi anayefaa kwenda Brunei ni yeye."

"Hajui kukanda unga."

"Hilo kwenye fomu halimo," akasema daktari, na aliona haya kidogo alipokuwa anaandika. Aliandika kwamba hafai. Akamwambia arudi baada ya miezi sita. Bebing akapiga chafya, akashukuru, akatoka.

Nyumbani alikuta watu wamejaa mpaka barabarani. Nguruwe mzima mezani, tambi za sherehe kwenye sinia, bendi inapiga chini ya dirisha lake. Nestor alikuja amembeba Heneral mwenye utepe mwekundu shingoni, anang'aa kwa jasho na baraka.

"Umepasi, Inday?"

Bebing akapiga chafya mara mbili usoni mwake.

Nestor akamtazama, akaitazama mikono yake, akamshusha mbwa polepole, akakaa chini. Alilia kwelikweli. Femia alilia kwelikweli, kisha, Bebing alipokwisha kusimulia, akamlaani daktari, akailaani foleni, akailaani serikali inayoweka vipimo siku ya mtakatifu. "Mtu anachelewa kazini kwa ajili ya mbwa!" akasema, Monsenyor begani. "Hana hata aibu!"

"Labda Mungu hakutaka tutengane," akasema Nestor, akifuta macho.

"Mungu au Heneral?" akauliza Tiya Openg kutoka kwenye sinia la tambi.

Watu wakacheka, maana ilikuwa sherehe. Padri akasimama na glasi akawaombea ndugu watatu waendelee kuwa mfano. Jioni, wageni walipopungua, Nestor alimkalisha mdogo wake kwenye ngazi akamkuna mgongo kwa muda mrefu kuliko siku zote, na machozi yake yalimdondokea mabegani. Heneral alikuwa amelala juu ya miguu ya Nestor. Kila Bebing alipopiga chafya, Nestor alisema, "Pole, mama," na kwa kweli alimwonea huruma.

Septemba Bebing akatimiza arobaini. Manong na Manang waliamka kabla yake, wakapika tambi za maisha marefu, wakamfunga kitambaa machoni, wakamwongoza hadi uani. Walikuwa wamechanga kimyakimya kumtafutia kitu cha kumliwaza.

"Fungua, Inday!"

Ndani ya boksi la sabuni kulikuwa na mtoto wa mbwa wa barabarani, rangi ya udongo, tumbo kubwa, sikio moja limelala.

"Ni wako," akasema Femia. "Wako peke yako. Tumeona ni miaka yote unalea wa kwetu tu."

"Sisi hatutamgusa," akasema Nestor. "Naapa." Akainama akamgusa kidogo.

Bebing akapiga chafya, akamtoa mtoto wa mbwa kwenye boksi. Alinuka mfereji. Akamgeuza tumbo juu, akapuliza manyoya: viroboto wakakimbia huku na huku. Akachuma majani ya kakawati, akaweka sufuria jikoni, akakaa juu ya ndoo kusubiri maji yachemke, mbwa mapajani.

Ndipo kitu kikamchoma chini ya kiwiko cha kulia, karibu na ile alama. Akatazama. Kiroboto kimoja, kidogo, kilikuwa pale juu ya ngozi yake. Kilikuwa kimemuuma yeye. Haukutoka uvimbe, palikuwa na doa jekundu dogo la kawaida, lile ambalo mtu yeyote hulipata, na muwasho mwepesi ambao haukuwa wa Manong wala wa Manang.

Bebing hakukiondoa. Alikiacha kikanywa mpaka kikashiba na kuruka. Kisha akajikuna pale, kwa ukucha mmoja, kwa raha, akasubiri pawashe tena.

Sebuleni Heneral alibweka kwa furaha. Mtu alikuwa anamnyanyua. Bebing akashika ukingo wa ndoo kwa mkono mmoja, mbwa wake kwa mkono mwingine, akajiandaa.