Harusi ya Maigizo

Kituo cha Utamaduni na Ustawi wa Makabila kilipojengwa kijijini kwetu, tuliambiwa kitakuwa na dawa. Dawa gani! Kilikuwa na viti vya plastiki, zulia, na Bwana Phadnis, mkuu wa kituo, mtu wa mjini anayetujua sisi Wawarli kuliko tunavyojijua wenyewe. Sisi alituita "watoto wa msitu". Mimi nina vitukuu, lakini mbele yake ni mtoto.

Uzinduzi ulipokaribia akaniita. Mimi ndiye mwimba harusi wa hapa. Bila sauti yangu hakuna ndoa.

"Bibi Ratni, nataka ule mchoro wa harusi ukutani. Yule mungu wenu wa kike. Wageni wanakuja."

"Palaghata hachorwi hivi hivi, bwana. Akichorwa lazima pawe na harusi. Ukimwita bure, balaa linabaki na mwenye nyumba."

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Basi leteni watu waigize! Wali juu yangu, nguo juu yangu, ngoma juu yangu."

Ebo! Mgeni njoo, mwenyeji apone. "Tutaigiza, bwana, usiwe na wasiwasi," nikasema, nikatoka pale mbio, na magoti yangu haya mabovu, moja kwa moja hadi kwa Mathi.

Mathi ni shoga yangu tangu utotoni. Kifua kilikuwa kimemmaliza, amebaki ngozi na mifupa kwenye kitanda cha kamba. Binti yake, Barki, anaishi na mwenzake Navsha bila harusi, na wana mtoto anayetembea. Kwetu hilo si aibu. Harusi ni gharama, watu huanza maisha kwanza. Lakini Mathi alitaka jambo moja tu: amwone Barki akimwagiwa mchele mbele ya Palaghata, kisha afumbe macho.

"Amka, mwenzangu. Kuna mjinga anatulipia harusi."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Ya kweli?"

"Nikiimba mimi ni ya kweli. Yeye aiite apendavyo."

"Ratni, wewe mwizi."

"Nimeiba nini? Si kanipa mwenyewe!"

Wanawake wenye waume hai wakaupaka ukuta udongo mwekundu, wakamchora Palaghata kwa uji mweupe wa mchele. Kisha tukamfunika kwa kitambaa. Hafunuliwi mpaka wimbo wa mwisho uishe. Akionekana mapema, ndoa hiyo imeharibika, na hairudiwi mpaka mavuno mengine. Hayo nilimweleza Phadnis. Alikuwa akiitikia kwa kichwa huku anasoma simu yake.

Siku ikafika. Barki akapakwa manjano, Navsha akafungwa kilemba, na Mathi tukambeba na kitanda chake tukamweka mbele kabisa. Phadnis akashika kipaza sauti. "Wageni waheshimiwa, tazameni usafi wa mioyo ya watu hawa! Hata mgonjwa wamemweka, kutuonyesha jinsi wanavyotunza wazee!"

Loo! Dawa hana, sifa anazo.

Nikaanza kuimba. Nyimbo zetu ni ndefu, maana mungu haitwi kwa kupigiwa mluzi. Wapiga picha wakaanza kunung'unika. Phadnis akaona atafedheheka, akaenda ukutani, akashika kitambaa.

"Bibi, fupisha. Watu wanataka kumwona mungu wenu."

Nikasita katikati ya ubeti. Barki alinitazama, kisha akamtazama mama yake. Mathi hakuwa na mavuno mengine ya kusubiri, sote tulilijua hilo.

Hapo Mathi akainua kichwa. "Mwambieni huyo bwana," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "akimfunua sasa, harusi inakuwa yake. Achague mke hapa hapa."

Uongo mtupu! Hatuna mila hiyo. Lakini Bi Phadnis, mkewe, aliyekaa kiti cha mbele na hariri yake, alisimama. "Wewe! Toa mkono hapo!"

Akautoa kama aliyeshika sufuria ya moto. Watoto wa msitu tukacheka mpaka tukashikana mabega.

Nikaimba hadi mwisho, tena taratibu, na beti nikaongeza kwa makusudi. Palaghata akafunuliwa, mchele ukamwagwa. Mathi alijaza kiganja akashindwa kurusha, basi Barki akainama mpaka kichwa chake kikafika chini ya mkono wa mama yake, punje zikamwangukia. "Nimemwoza mwanangu," Mathi akasema. Nililia, sifichi. Kisha tukala wali wa Phadnis mpaka ukoko.

Wiki haikuisha akaniita tena. Alikuwa amechangamka. "Bibi Ratni, wanakuja wakubwa kutoka Delhi. Nataka igizo lile lile. Hasa yule bibi wa kitandani! Kuigiza mgonjwa anajua yule, alinitoa machozi."

"Hawezi kuja."

"Nitampa na sari mpya."

"Tumeuchoma mwili wake jana, bwana. Kando ya mto."

Akatazama saa yake. "Pole sana," akasema. "Sasa, mna mwingine?"

"Tunao wengi, bwana," nikamwambia. "Kijiji kizima kinakohoa. Si ulisema mtaleta dawa?"