Kipande cha Kona

Verlin Stookey alikuwa na miaka sitini na miwili, na aliyekuwa akimwonea wivu ni binti wa miaka ishirini. Tuliseme mapema, lisije likatuchelewesha njiani.

Mji wenyewe ni Tolliver, katika jimbo la Tennessee, na majira ni baridi ya mwaka 1997, wakati wasichana wa Chuo cha Brannock walipokuwa wakicheza mpira wa kikapu kama watu waliotumwa na mizimu ya kwao. Timu iliitwa Korongo. Siku ya mechi mji mzima ulivaa kijani, na kabla ya mechi mji mzima ulikula mgahawani kwa Nadine Pruitt. Kambare wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi, chai baridi yenye sukari ya kung'oa meno, na makaroni. Makaroni ya Nadine yaliokwa na jibini ndani ya masinia mapana, na watu walizoea kusema kwamba kocha akishindwa kumpata mchezaji kwa maneno humleta mbele ya sinia hilo.

Sasa, sinia lina pembe. Kwenye pembe ndiko jibini linapoungua kidogo, likakaza, likawa ukoko wa kutafuna taratibu huku macho umeyafumba. Tangu Verlin alipomzika mkewe, miaka sita iliyopita, pembe moja ya sinia la kwanza haikufika kaunta. Nadine aliikata jikoni, akaifunga, akaandika herufi V juu yake. Siku ya kwanza alimwambia, "Verlin, hili ni letu mimi na wewe. Wakijua wengine, wote watataka kona, nami itabidi nioke sinia lisilo na katikati."

Verlin alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Siri ile aliitunza vizuri. Hata Harmon Diggs, aliyepeleka naye barua za posta miaka thelathini na kukaa naye kiti kwa kiti kwenye mechi zote, hakuambiwa. Na kwa sababu ya siri ile Verlin alianza kuwaza mambo. Kila mwezi wa tatu kulikuwa na mashindano makubwa Chattanooga, siku nne, na kwa miaka miwili alikuwa akijiandaa kumwambia Nadine waende pamoja. Alijiandaa kwenye kioo, akajiandaa garini. Akifika kaunta anaagiza kahawa.

Kisha akaja Latrice Bohannon. Alitokea mji wa mbali, safari ya saa saba kwa basi, mrefu kama mlango, na mikono yake iliufanya mpira uonekane chungwa. Verlin alimpenda kuliko wote waliomshabikia mle ukumbini. Takwimu zake alizijua kwa moyo. Alipofunga pointi thelathini na moja, Verlin alipoteza sauti siku mbili.

Lakini tangu mwezi wa kumi na moja, kile kifurushi chenye herufi V hakikuonekana tena. Alikuwa akiletewa kipande cha katikati, laini, kama mtu yeyote. Mara ya kwanza Nadine alisema sinia liliungua mno. Mara ya pili hakusema kitu. Verlin naye hakuuliza, maana mwanamume wa miaka sitini na miwili atauliza vipi habari za ukoko? Akala, akameza, na roho ikaanza kumuuma.

Jumapili moja ya mwezi wa pili alisahau kofia yake pale mgahawani. Jumapili Nadine hufunga saa tisa alasiri, watu wa kanisani wakishaondoka, kwa hiyo Verlin alizunguka nyuma. Kupitia kioo cha mlango wa jikoni akaona meza ndogo ya mbao, ile ambayo mteja hajawahi kuikalia. Latrice alikuwa amekaa hapo, magoti yamefika kwenye ubao wa meza, na kwenye sahani yake kulikuwa na kipande cha kona. Nadine alikuwa ameegemeza shavu mkononi, akimtazama anavyokula, akicheka jambo aliloambiwa.

Verlin hakubisha hodi. Alirudi nyumbani bila kofia, na baridi ile ya Tennessee haina mzaha na kichwa chenye kipara.

Kesho yake akiwa na Harmon kaunta, akasukuma sahani yake mbali.

"Vipi, umekatazwa na daktari?" Harmon akauliza.

"Siku hizi hapa si kama zamani."

"Chakula ni kilekile. Labda wewe ndiye uliyechuja." Harmon akavuta sahani ile upande wake. "Mla ni mla leo, ndugu yangu. Mla jana kala nini?"

Harmon alikuwa anatania tu, hakujua lolote. Lakini neno lilimwingia Verlin kama mwiba wa samaki, likakaa.

Sasa kuna jambo ambalo kila shabiki wa Tolliver alilijua. Kila mwanzo wa msimu chuo kilimtuma Bi. Frazee, mama wa ofisi ya kanuni, aje asome karatasi hapohapo kwa Nadine mbele ya mashabiki wote. Wachezaji wa vyuo si wa kulipwa. Shabiki asimpe mchezaji zawadi, asimpe lifti, asimnunulie hata soda. Mgahawa usimlishe bure. Watu walisikiliza wakitafuna, wakaitikia ndiyo mama, na wengine wakakonyezana. Verlin hakuwahi kukonyeza. Alikuwa mtu wa sheria, au ndivyo alivyojiambia Jumatatu ile jioni alipoinua simu.

"Sitaki kutaja jina," alimwambia Bi. Frazee, akiwa ameweka leso kwenye kinywa cha simu kama jambazi wa sinema. "Kuna mtu anamlisha Bohannon bure. Kila Jumapili, jikoni kwa Nadine Pruitt."

"Una hakika ni bure, bwana?"

"Bure kabisa. Tena hapewi makombo. Anampa mpaka kipande cha kona cha makaroni."

Alipokata simu alijisikia mwepesi. Hesabu yake ilikuwa hivi: ofisi za vyuo huenda mwendo wa kobe. Wataandika barua, barua itazunguka, msimu utaisha, na Nadine ataonywa kwa upole kwamba yule msichana asije tena jikoni. Hakuna atakayeumia. Meza itabaki wazi, na kona itarudi kwa mwenyewe. Mtu mwenye wivu ana akili nyingi sana, ila zote zinaelekea upande mmoja.

Bi. Frazee hakuwa kobe. Siku ya Ijumaa redio ya mji ilitangaza kwamba Latrice Bohannon amesimamishwa mechi mbili kwa kupokea chakula kinyume cha kanuni. Mechi ya kwanza kati ya hizo ilikuwa kesho yake, dhidi ya Dunmore, ambao Tolliver huwachukia tangu enzi za mababu na kwa sababu ambazo hakuna anayezikumbuka vizuri.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Latrice alikaa mwisho wa benchi na suti yake ya mazoezi, akipiga makofi kwa ile mikono mikubwa. Verlin alikuwa safu ya kwanza, na hakuweza kutazama mchezo kwa sababu ya makofi yale. Dunmore waliingia katikati kama wanaingia kwao. Hakuwepo wa kuwazuia.

"Nikimpata huyo mbea," Harmon alisema wakati wa mapumziko, "nitamlisha hiki kiatu bila chumvi. Mtu ameona mtoto anakula, akakimbilia simu. Mtu gani huyo?"

"Sheria ni sheria," Verlin akasema kwa sauti ndogo.

"Sheria?" Harmon akamgeukia. "Jumapili bwalo lao linafungwa saa nane mchana. Nadine alimkuta anashindia biskuti za ile mashine ya kutumbukiza sarafu. Urefu wote ule, biskuti! Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Verlin akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Habari ya biskuti hakuwa nayo. Ilimchoma, na kilichomchoma zaidi ni kwamba hata angekuwa nayo, hakuwa na hakika kama asingepiga ile simu.

Korongo walifungwa kwa pointi tatu. Baada ya mechi, kama ilivyo desturi, wachezaji walipita kando ya safu ya kwanza wakigonga mikono na mashabiki, washinde au washindwe. Latrice alikuja wa mwisho. Alipofika kwa Verlin akasimama.

"Shikamoo, mzee Verlin. Nimewaangusha."

"Hapana, binti. Hapana."

"Nilijua kanuni. Ila akikaa vile pale mezani anafanana na bibi yangu, nikashindwa kukataa." Akapangusa pua kwa mkono wa suti. "Wamemwandikia barua. Hatakiwi hata kunisalimia mpaka nimalize chuo."

Akamgonga mkono, akaenda zake. Verlin alibaki ameshika hewa. Alishabikia timu ile miaka ishirini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna mchezaji wa Dunmore aliyewahi kuifunga vibaya kama alivyoifunga yeye.

Jumapili hakutoka nyumbani. Jumatatu alivaa shati lake zuri, akaenda kwa Nadine. Alikuwa amepanga kila kitu usiku kucha. Atamfariji. Atamwambia habari ya Chattanooga leo hii, kabla moyo haujapoa. Mama aliyepoteza mwana anahitaji mtu wa kukaa naye, na nani mwingine angekuwa mtu huyo? Aibu ilikuwepo, ndiyo, lakini chini ya aibu kulikuwa na tumaini, na tumaini lile lilikuwa bado hai, la kufedhehesha.

Mgahawa ulikuwa nusu tupu. Nadine alikuwa anapangusa kaunta palipokwisha kuwa safi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nadine," Verlin akasema, "nimekuwa nikitaka kukuuliza jambo. Mwezi ujao, kule Chattanooga..."

"Bi. Frazee alinisomea karatasi," Nadine akasema, bila kuacha kupangusa. "Yote aliyoambiwa, neno kwa neno. Ni haki yangu kusomewa."

Verlin akavuta kiti, akakaa.

"Aliyepiga simu alisema nampa mpaka kipande cha kona." Hapo akaacha kupangusa. "Katika mji huu, Verlin, ni watu wangapi wanaojua kwamba kwangu kuna kipande cha kona?"

Angeweza kukana. Uongo ulimjia mdomoni umeshapikwa na kuiva, akaupeleka huku na huku, akashindwa kuutoa.

"Nilidhani watakuonya tu," akasema.

"Ungenionya wewe. Unakuja hapa kila siku ya Mungu. Ungesema, 'Nadine, naumia.'"

"Ilikuwa yangu," Verlin akasema. Alijisikia akisema, na sauti ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa. "Miaka sita ilikuwa yangu. Kisha ukanipa katikati kama mpita njia, hata hukuniambia kwa nini. Niliwaona pale mezani mnacheka. Miaka sita sijawahi kuingia jikoni mle."

Nadine alimtazama. Hasira haikuwepo usoni pake, na Verlin angeifurahia kama ingekuwepo.

"Mgeni ndiye hupewa kizuri," akasema. "Wa nyumbani hula kilichobaki, wala haelezwi, maana anajulikana ataelewa. Mimi mwenyewe sijala kona tangu mwezi wa kumi na moja. Ulipoacha kuipata, ulikuwa unakula ninachokula mimi. Nikasema moyoni, huyu sasa ni wa hapa. Nilikuwa nangoja tu ufungue mdomo."

Verlin alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Nadine."

Lakini Nadine alikuwa ameshaondoka. Alikwenda mpaka kwenye kisanduku kilichokuwa karibu na mlango, akarudi na menyu, ile ya karatasi ngumu wanayopewa wenye magari wanaotoka barabara kuu. Akaiweka mbele yake, na glasi ya maji pembeni, na uma na kisu vilivyoviringishwa kwenye kitambaa.

"Karibu, bwana," akasema. "Ukiwa tayari kuagiza utaniita."

Verlin akaifungua. Hakuwahi kuisoma hata siku moja. Alianzia juu akafika chini, akaanza tena, maana macho hayakuwa yakishika kitu. Baadaye Nadine alipita na birika la kahawa, akawamiminia wa kulia na wa kushoto, kisha akafika kwake, akamjazia kikombe na kumuuliza kama anatumia sukari.

"Hapana," Verlin akasema. "Asante."