Daktari wa Ndani ya Tangi

Asubuhi Mama Valvu, mwendesha tangi la hewa, alifuta vumbi kwenye kioo cha kipimo cha mgandamizo, akapitisha kikombe cha chai kwenye kijimlango cha tangi, akasubiri Daktari agonge kuonyesha amekipokea. Tangi lilikuwa la chuma, refu kama kontena, lenye kidirisha kimoja na simu ya waya. Ndani Daktari alikuwa na meza, kitanda na picha ya wanawe.

Zamani humo waliingizwa mbuzi. Walishindiliwa hewa kana kwamba wamezamishwa baharini, kisha hewa ikapunguzwa, Daktari akachungulia nani atakunja mguu wa mbele. Mbuzi aliyekunja mguu alikuwa na mapovu kwenye damu. Wazamiaji nao hupatwa na ugonjwa huohuo wakipanda haraka, na Daktari alikuwa akitafuta dawa ya kupanua mishipa ili awakinge. Panya waliopewa dawa ya aina moja walinusurika. Mbuzi waliopewa ya aina nyingine walianguka kabla ya wenzao ambao hawakupewa kitu. Daktari akatangaza matokeo ya panya, akagawa dawa ya mbuzi, maana ndiyo iliyokuwa imejaa stoo.

Mume wa Mama Valvu, mchomeleaji wa nguzo za daraja chini ya maji, aliimeza, akazama, akapanda mkono umejikunja kifuani. Alikufa mkewe akiwa ameushika mkono huo. Mapovu yakahamia kwa mke, yakajilaza begani mwake kama mtoto aliyeshiba. Siku ya maziko Daktari akaja kumpa mkono wa pole. Mama Valvu aliushika kwa muda mrefu kuliko adabu inavyotaka, mpaka bega lake likawa jepesi.

Kesho yake Daktari aliingia kazini mkono umejikunja, na kila alipofungua kinywa akalia kama mbuzi. Katibu wake alifunga dirisha kwa sababu ya kelele, akaendelea kuchapa. Tiba ilikuwa moja, mgandamizo. Ndani ya tangi alisema vizuri, akitolewa, analia. Basi akahamishia ofisi humo. Jumapili familia ilikuja kumpungia kidirishani.

"Sema mbuzi wa kidonge walianguka," Mama Valvu alimwambia kwenye simu, kama kawaida yake. Nyuma yake wazamiaji walikuwa wamepanga foleni, msimamizi akiwagawia vidonge. "Waambie hawa kabla hawajameza."

"Shemeji, utafiti bado unaendelea."

"Usiniite shemeji. Mume wangu hakuzaliwa kwenu."

Akalegeza valvu. Hewa ikatoka kwa mluzi mwembamba. Mkono wa Daktari ukajikunja, jasho likamtoka, akaing'ang'ania simu na kulia meee, akapumua, akalia tena kwa kirefu.

"Bosi kaamka na njaa," alisema mzamiaji mmoja. "Mpelekeeni majani."

Wenzake wakacheka. Mama Valvu hakucheka. Alikuwa ameishi na mbuzi miaka mingi, akamwelewa neno kwa neno. Daktari alikuwa anakiri kwamba walianguka, wote, na aliwaona kwa macho yake. Aliomba watu wasimeze.

"Anasema msimeze," Mama Valvu akawaambia.

"Dada, sisi tumesikia mbuzi," alijibu yule yule, bila ubaya.

Msimamizi akakumbusha kwamba asiyemeza hazami, na asiyezama arudi kwao. Wakameza, wakashushia maji, wakaelekea gatini wakibeba mitungi yao.

Mama Valvu akarudisha mgandamizo. Mkono wa Daktari ukanyooka. Alijifuta mdomo, akaonja chai.

"Asante, shemeji. Leo umesahau sukari."

"Nimesikia ulichosema."

"Sijasema kitu."

Mama Valvu alitazama mlangoni. Wazamiaji walikuwa wameshaondoka na hapakuwa na mtu wa kusikiliza. Akavuta stuli, akaketi vizuri, akailegeza valvu tena.